Tafuta mwiba kwanza: pancha ya pikipiki ukiwa mbali na fundi

Nabeba kuku. Tangu 2014 kazi yangu ni hiyo. Natoka Chang'ombe hapa Dodoma mjini kabla ya alfajiri, nazunguka vijiji vya Bahi nikinunua kuku wa kienyeji mmojammoja, jioni narudi na tenga nyuma ya Boxer kwenda kuwashusha soko la Majengo. Kwa njia ninazopita mimi, pancha ni ushuru wa barabara. Kuna wiki naruka salama, kuna siku natozwa mara mbili. Kuziba mwenyewe nilijifunza kwa sababu ya hesabu tu: kuku waliobanana kwenye tenga saa nane mchana hawawezi kumsubiri fundi atoke kijiji cha pili.

Kuziba nilikujua mapema. Jambo la maana zaidi nilikuja kulijua baadaye, na kwa hasara.

Ilikuwa mwezi wa tisa, natoka Chipanga, tenga lina kuku 38. Tairi la nyuma likalala. Nikafungua, nikaziba, nikajaza upepo, nikaondoka najisifu. Kama kilomita mbili mbele likalala tena. Nikafungua: kiraka changu kizima, kimeshika vizuri, ila pembeni yake, upana wa kidole hivi, kuna tundu jipya dogo kama la sindano. Nikailaumu tyubu kwamba ni ya bei rahisi, nikaziba. Mara ya tatu sikumaliza hata kilomita. Nimekaa chini na liva mkononi, kile chuma bapa cha kufungulia tairi, kuku wanatweta midomo wazi, akatokea mzee na baiskeli amefunga kuni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeshaupata?"

"Nimeshaziba babu, hii sasa ya tatu."

"Sijakuuliza tundu. Nimekuuliza mwiba."

Akaegesha baiskeli, akafungua kitambaa kilichochakaa alichokuwa amekizungushia tandiko, akakiingiza ndani ya tairi langu na kukipitisha taratibu kama mtu anayepangusa sufuria. Kikanasa. Pale kiliponasa palikuwa na ncha ya mwiba wa mgunga, imekatikia ndani ya mpira, haifiki urefu wa punje ya mchele. Kwa nje haionekani. Kwa kidole huigusi pia, mpaka tairi libonyee kwa uzito ndipo inachungulia na kudunga. Akaing'oa kwa kucha za vidole viwili, akaniwekea kiganjani, akapanda baiskeli yake akaenda zake. Nilizika kuku wanne siku ile.

Haya ninayoyaeleza chini ndiyo ninayofanya tangu hapo.

Ukiisikia

Tairi la nyuma likiisha upepo, pikipiki inapiga mkia kama samaki. Mwanzo unadhani ni mchanga, halafu unaona hata penye njia ngumu inafanya vilevile. La mbele linakuja na dalili nyingine: usukani unakuwa mzito, unavuta upande mmoja, kona ndogo inataka mabega. La mbele ndilo la kuogopa, maana likikushinda unaanguka kabla hujajua kinachoendelea.

Mwili wenyewe unataka kukanyaga breki. Uzuie. Shika usukani kwa mikono yote miwili, rudisha mafuta taratibu, acha injini ipunguze mwendo. Ukilazimika kushika breki, shika ya tairi lenye upepo: pancha ikiwa nyuma tumia ya mbele kidogokidogo, ikiwa mbele tumia ya nyuma. Ukiwa na abiria mwambie atulie asiweke miguu chini mpaka usimame.

Kama uko kwenye lami, toka kabisa nje ya lami, na usiwe kwenye kona. Barabara ya Singida ina malori ya kwenda Rwanda na Burundi, na upepo wa lori peke yake unaweza kumwangusha mtu aliyechuchumaa. Vunja matawi uyalaze pembezoni kama hatua 50 nyuma yako. Kila dereva wa nchi hii anajua maana yake.

Na usijidanganye kwamba utajikongoja juu ya pancha mpaka kijijini. Tyubu isiyo na upepo inajikunja, ringi inaisaga, valvu inavutwa na kuchanika kwenye shina. Yenye tundu moja inazibika, lakini iliyosagwa kazi yake iliyobaki ni kukatwa mipira ya kufungia mzigo. Kama ni lazima usogee, kwa sababu ya usalama au kivuli, shuka, washa injini, tia gia namba moja, tembea pembeni yake ukiachia klachi kidogo. Inajisukuma yenyewe, wewe unaongoza tu.

Kivuli, lakini si cha mgunga

Shusha mzigo kwanza. Mimi kuku ndio wanaotangulia: tenga kwenye kivuli, maji kwenye kopo, ndipo niangalie tairi. Wewe pengine umebeba zabibu, magunia ya mpunga au mtu. Kanuni ni ileile, usifungue tairi huku pikipiki imelemewa.

Sasa, kivuli kipi? Dodoma kivuli cha karibu mara nyingi ni mgunga, na chini ya mgunga ndiko miiba ilikolala. Nimewahi kuona kijana ameziba pancha yake vizuri kabisa chini ya mgunga, akaitoa pikipiki kivulini, ikala mwiba mwingine kabla hajapanda. Tafuta mbuyu, mkwaju, mwembe, ukuta wa nyumba. Ukikosa vyote, vumilia jua.

Simamisha kwa stendi ya kati, na penye mchanga tanguliza jiwe bapa au kipande cha ubao chini ya stendi isije ikazama. Funga koki ya mafuta.

Kabla ya spana yoyote, jaza upepo kidogo, fungua kofia ya valvu, weka mate kwenye mdomo wake. Yakitoa povu, huna pancha. Ni pini ya ndani ya valvu imelegea au imeingia mchanga. Ikaze, au badilisha. Mimi niliwahi kufungua tairi zima pale Kigwe, nikaizamisha tyubu kwenye maji nikatafuta tundu nusu saa, kumbe ni pini. Tangu siku hiyo mate ndiyo yanatangulia.

Valvu ikiwa nzima, zungusha gurudumu polepole na kagua kila kashata, yale meno ya tairi yanayokanyaga njia. Mjini utakuta msumari. Dodoma inajengwa kila kona, na ukipita Iyumbu au Mtumba unajua ninachosema. Porini ni miiba. Njia za ng'ombe kiangazi ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu watu wanakata matawi ya migunga kuzungushia maboma na mashamba, wanayaburuta njiani, na kila yanapopita yanaacha mbegu yake. Mvua zikiisha kuna mbigili, vile vidude vya mtambaa chini ambavyo hata uviangusheje vinalala na mwiba mmoja unatazama juu. Na pale madereva wa malori walipochoma tairi kuukuu kupata moto wa usiku, zinabaki nyaya nyembamba kama unywele. Hizo ni shetani, hazionekani kabisa.

Ukikiona kilichodunga, usikichomoe kwa hamu. Kwanza zungushia alama ya kalamu au chaki, ndipo ukivute kwa plaizi. Kisha kitazame: ncha ipo? Mwiba mzima ncha yake ni kali na imechongoka vizuri. Ukitoka ukiwa umekatika bapa, jua nusu yake umeiacha ndani.

Weka alama nyingine mbili, na hizi wengi wanazisahau. Moja kwenye tairi, palepale valvu ilipo. Ya pili kwenye tyubu ikishaanza kutoka: ni upande gani ulikuwa unatazama cheni. Utaona faida yake.

Kutoa tyubu bila kuvua gurudumu

Mafundi wetu wa vijiweni hawavui gurudumu la nyuma kwa pancha ya kawaida, na wako sahihi. Ukilivua umeingia kwenye kurekebisha cheni, bushi zinadondoka mchangani, breki inataka kufungwa upya. Kwa kuziba tu, fungua ukingo mmoja wa tairi gurudumu likiwa mahali pake, vuta tyubu ikuning'inie pembeni, ziba hapohapo. Kuvua ni pale unapobadilisha tyubu yenyewe. Hapo weka alama kwenye vidude vya kuvutia cheni ili urudishe palepale, tandika koti au kanga chini, na panga kila nati na bushi kwa mfuatano uliotoka. Kuna bushi fupi na ndefu. Ukizibadilishana gurudumu linakaa upande.

Chomoa pini ya valvu, upepo wote utoke, fungua nati ya valvu. Kisha bonyeza kingo za tairi ziachane na ringi mzunguko mzima, pande zote mbili. Katikati ya ringi kuna bonde, na kazi yote ya kufungua tairi inategemea hilo bonde. Anza na liva karibu na valvu, huku upande wa pili, ulio mkabala, umekandamizwa kwa goti ukae bondeni. Liva ya kwanza iingize, ilaze, ishikilie. Ya pili iingize upana wa kiganja kutoka hapo. Ukijikuta unatumia nguvu za kupasua kuni, tairi si gumu. Ukingo wa upande wa pili umepanda kutoka bondeni. Acha, nenda ukaurudishe, rudi.

Liva iingie kiasi cha kushika ukingo tu. Ikizama sana inabana tyubu na unajiongezea pancha kwa mkono wako. Na bisibisi iache kwenye mfuko. Najua kila mtu ameshatumia bisibisi. Ndiyo maana kila mtu ana tyubu yenye viraka vya bisibisi.

Ekzosi bado ni ya moto. Nina alama kwenye mkono wa kulia ya kunikumbusha.

Tundu linasema limetoka wapi

Ijaze tyubu nje ya tairi mpaka inenepe kuliko kawaida yake kidogo. Kiangazi Dodoma kuna upepo, masikio hayasaidii. Mimi naipitisha karibu na midomo, maana midomo ina unyevu na inahisi kaubaridi ka upepo hata kale ambako maji yanachelewa kukaonyesha. Ukiwa na maji, yamimine kwenye kibeseni uipitishe kipande kwa kipande, ukiivuta kidogo ili matundu yaachame. Maji ya kuku wangu yameshafanya kazi hii mara nyingi, nao wanakunywa baadaye bila kunung'unika.

Ukipata tundu usiishie hapo, maliza mzunguko. Tawi moja lina miiba mingapi?

Chora msalaba mrefu, katikati yake iwe tundu, mikono yake itokeze mbali nje ya mahali kiraka kitakapokaa. Ukichora duara dogo, msasa utalifuta na utaanza kutafuta upya.

Sasa soma. Tundu likiwa upande wa nje wa tyubu, ule unaogusa tairi, kuna kitu kimeingia kutoka barabarani na huenda bado kimo. Likiwa upande wa ndani, ule wa ringi, usihangaike na miiba: ni kichwa cha spoki kimechomoza, au ule utepe wa mpira unaofunika spoki umehama au kuoza. Matundu mawili yaliyolala sambamba kama alama ya meno ya nyoka maana yake ulipiga jiwe au shimo na upepo ulikuwa mdogo, ringi ikaibana tyubu pande mbili. Mchaniko kwenye shina la valvu maana yake tairi lilikuwa linateleza juu ya ringi kwa upepo mdogo likaivuta tyubu. Huo hauzibiki njiani, toa tyubu ya akiba.

Ukilijua hilo unajua pa kutafuta. Fundi akikupa mkono wa kwaheri bila kukwambia tundu lilikuwa upande gani, amekurudishia pancha yako nusu.

Mwiba

Hapa ndipo usiharakishe, hata kama jua linakuchoma kisogo.

Ilaze tyubu juu ya tairi, valvu ikae kwenye ile alama uliyoweka, upande wa cheni utazame cheni. Pale penye tundu la tyubu, ndipo kwenye tairi penye mwiba, kwa makosa ya upana wa vidole viwili. Kama hukuweka alama ya upande, una sehemu mbili za kutafuta badala ya moja, ya kushoto na ya kulia ya valvu.

Chukua kitambaa laini kilichochakaa, chenye nyuzi zinazotoka. Kipande cha fulana kuukuu kinafaa, pamba inafaa zaidi. Kipitishe ndani ya tairi kwa kukigandamiza, mara ya kwanza kuelekea upande mmoja, mara ya pili kurudi, kwa sababu mwiba uliolala unanasa ukitokea upande mmoja tu. Kikinasa hata uzi mmoja, simama hapo. Anza na kitambaa, kidole kifuate baadaye. Waya wa tairi la lori ukiingia chini ya kucha hutaendesha vizuri wiki nzima.

Kisiponasa kitu, shika tairi pale panaposhukiwa, likunje kwa nje kama unavyogeuza mfuko wa suruali, ili mpira wa ndani utanuke. Ncha iliyojificha inachomoza. Tazama kwa nje pia: panapoonekana kidoa cheusi chenye unyevu au kitobo kisichofunga, ingiza ncha ya sindano au msumari mwembamba uchokonoe. Ncha nyingine hazitoki kwa plaizi kutoka ndani, inabidi uzisukume kwa msumari kutoka nje ziingie ndani, ndipo uzishike. Nilitumia dakika 20 siku moja karibu na Ibihwa kutafuta kitu ambacho kilipotoka kilikuwa mithili ya ncha ya kalamu ya risasi. Dakika 20 hizo naziona ni nafuu.

Ukiupata, pitisha kitambaa tairi zima tena. Ukiwa hujaupata na tundu liko upande wa nje, na nje ya tairi hukukuta kitu kilichochomoka kizima, basi endelea kutafuta.

Kiraka

Kuziba kwenyewe ni kazi fupi inayoharibiwa na haraka moja tu, nitaitaja.

Toa upepo kwenye tyubu. Iweke juu ya paja au kiti cha pikipiki. Sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, mpaka ule mng'ao wa mpira uishe pawe na weusi uliopauka. Kuna mshono unaopita katikati ya tyubu, kale kamstari kalikoinuka. Kama tundu liko karibu nako, usugue mpaka ulale, la sivyo upepo utapita pembeni yake kama maji kwenye mfereji. Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Usipulize kwa mdomo, mate yanaruka. Usiguse tena kwa kidole, kidole kina grisi ya cheni.

Geuza mgongo upepo unakotoka, maana vumbi letu linajua solusheni, ile gundi ya viraka, ilipo. Paka solusheni utando mwembamba, upite ukubwa wa kiraka. Kisha subiri. Haraka niliyokuwa naisema ni hii: watu wanabandika solusheni ikiwa bado mbichi, wanadhani ni gundi ya karatasi. Ikiwa mbichi kiraka kinateleza, kinaonekana kimeshika, halafu kwenye joto la barabara kinafunguka. Ngoja mpaka mng'ao wa majimaji uishe na ukigusa pembeni kwa kifundo cha kidole isikuachie uzi. Kwa jua la mwezi wa kumi dakika mbili tatu zinatosha. Asubuhi ya mwezi wa saba, ile baridi yetu, tano au zaidi.

Bandua karatasi ya chini ya kiraka bila kugusa uso wake, kibandike katikati ya msalaba, sukuma kwa dole gumba kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa isibaki. Weka tyubu juu ya jiwe laini, gongagonga kiraka kwa mpini wa spana. Nailoni nyembamba ya juu iache ilivyo. Ukiivuta unainua kingo. Solusheni iliyotokeza pembeni inyunyizie majivu au vumbi kavu isije ikagandana na tairi. Hiyo ndiyo kazi pekee nzuri ninayoijua ya vumbi la Dodoma.

Kujaribu, jaza kidogo tu. Ukiijaza inenepe nje ya tairi, tyubu inatanuka kuliko kiraka na unakibandua mwenyewe. Kinachokibana kiraka ni tairi.

Kurudisha

Tia upepo kidogo kwenye tyubu, ipate umbo, isijikunje. Ingiza valvu kwenye tundu lake, nati izungushe nyuzi mbili tatu tu. Panga tyubu ndani taratibu mzunguko mzima, tazama haijajisokota.

Kurudisha ukingo unaanzia upande ulio mkabala na valvu na unamalizia kwenye valvu. Sababu ni lile bonde: mahali penye valvu ukingo hauwezi kuzama, kwa hiyo ukimalizia kwingine unakosa nafasi na utajikuta unapigana. Sehemu kubwa irudishe kwa mikono na goti. Maji ya sabuni kwenye ukingo yanasaidia sana. Kipande cha mwisho ndicho cha liva, na kabla hujaikaza, isukume valvu kwa ndani na kuivuta tena, ili kama tyubu imechungulia chini ya ukingo irudi ndani.

Jaza nusu. Gonga tairi mzunguko mzima, zungusha, angalia ule mstari mwembamba ulio pembezoni mwa tairi: uwe umeachana na ringi kwa umbali uleule kila mahali. Ukizama sehemu moja, tairi halijakaa. Toa upepo, bonyezabonyeza, jaza tena. Kwa Boxer yangu yenye tairi la nyuma 3.00-17, pampu ya mkono inakula mapigo 150 hivi. Mimi najaza nyuma psi 28 nikiwa mtupu na 32 hadi 36 nikiwa na mzigo, mbele 25. Ya kwako imeandikwa kwenye kitabu chake, au kwenye kibandiko karibu na cheni. Kubonyeza kwa kidole si kipimo. Kageji kadogo ka kupimia upepo hakali mfuko.

Nati ya valvu usiikaze mpaka kwenye ringi. Iache ilegee kidogo, au ikaze kuelekea kwenye kofia. Tairi likianza kuteleza juu ya ringi, valvu italala upande na utaiona kabla haijachanika.

Ondoka polepole. Kilomita mbili mbele simama, gusa tairi kwa kiganja. Likiwa na joto kuliko lenzake, upepo unapungua.

Ukikosa vifaa

Nimewahi kukwama bila solusheni, kwa sababu ambayo nitaisema. Kama tyubu imechanika sana na huna ya akiba, jaza tairi nyasi kavu na matambara, zishindilie mpaka liwe gumu, ufungie ukingo. Mzigo uache kwa mwenyeji, keti mbele karibu na tangi kama pancha ni ya nyuma, nenda mwendo wa mtu anayekimbia. Nilifika Kigwe hivyo. Tairi lilitoka na majeraha, lakini ringi ilipona.

Pampu ya baiskeli ya kuazima kijijini huenda ikakusaliti: baiskeli nyingi huku zina valvu za aina nyingine na kichwa cha pampu yake hakikai kwenye ya pikipiki. Kwa hiyo beba ya kwako, na uijaribu nyumbani. Spana vilevile. Kuna seti nzuri za kung'aa ambazo hazina hata moja inayoingia kwenye nati ya ekseli yako.

Wenye ringi za kisasa zisizo na tyubu wao wana ile kamba ya kuzibia inayosukumwa kwa sindano kutoka nje. Ni rahisi, dakika tano. Ila usiwaige kama tairi lako lina tyubu, utaitoboa zaidi.

Ukifika kwa fundi

Kiraka cha njiani kama kiko karibu na valvu au kwenye mshono, mimi naenda kukichomesha nikifika mjini. Wale wa kuchoma, wenye kile kibanio chenye pistoni kuukuu wanayoimwagia petroli kidogo na kuiwasha, kiraka chao kinaungana na tyubu kikawa kitu kimoja. Mara ya mwisho nililipa 2,000.

Kaa naye. Usiende kunywa chai. Akimaliza mwambie aizamishe tyubu kwenye maji mbele yako, halafu umuulize kwa adabu, "Fundi, nionyeshe mwiba." Wengine wanacheka. Mmoja alinikasirikia akasema kazi yake ni pancha, si kuokota miiba. Nikalipa, nikaondoka, na kabla sijafika Nkuhungu nikawa nasukuma.

Ninachobeba, chini ya kiti na kwenye kifuko cha pembeni: liva mbili, spana za ekseli na breki, plaizi, tyubu moja ya akiba niliyoipaka poda ya mtoto na kuifunga nailoni isisuguliwe na vyuma, pampu, geji, pini mbili za valvu, msasa, viraka vya saizi mbili, kipande cha fulana, kalamu, na dumu la maji ambalo ningelibeba hata hivyo kwa ajili ya kuku.

Na solusheni mbili ndogo, si moja kubwa. Ile siku ya nyasi nilikuwa na solusheni, nzima, imejaa, nimeifungua mara moja tu miezi miwili nyuma. Nilipoiminya ilitoka kama jojo. Ikishafunguliwa na jua la huku inakauka ndani hata ukaze kofia namna gani. Kwa hiyo siku unayoifungua, ukifika mjini kabla hujanawa mikono pitia duka la spea ununue nyingine.